Nguo Nyeusi Mbele ya Jopo

Wiki ya kwanza ya mwaka wa nne, Dakta Ramabodu aliwafundisha wanafunzi wake wa saikolojia kusikiliza. Aliwapanga wawili wawili, magoti yakitazamana, akataka mmoja aseme jambo dogo linalomsumbua. Mwenzake asishauri, asihukumu, asikimbilie kufariji. Amrudishie tu maneno yake, taratibu, mpaka msemaji ajisikie mwenyewe.

Tlaleng aliona kazi hiyo ni rahisi. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mkubwa kuliko wote darasani, na kwa muda mrefu alikuwa amekaa kwenye chumba kidogo cha zahanati akiwapokea watu waliokuja kupima damu. Shahada ya kwanza aliisoma kwa posta, vitabu vikiwa juu ya meza ya jikoni. Sasa alikuwa amefika huku wanakokuita mwaka wa heshima. Ukimaliza mwaka huo bado huruhusiwi kumtibu mtu. Unakupeleka mbele ya jopo tu, na jopo ndilo linaloamua nani ataingia uzamili na kuwa mwanasaikolojia. Kwa kila kundi la waombaji linalojaza ukumbi, wanaochukuliwa hawajazi meza moja ya chakula.

Yeye aliitaka nafasi ile kwa sababu ya mumewe.

Lebenya alikuwa amefanya kazi chini ya ardhi, kwenye migodi ya dhahabu ya Welkom, tangu ujana. Siku mwamba ulipoporomoka alifungiwa gizani na wenzake wawili, na waokoaji walipowafikia, wale wawili walikuwa wameshanyamaza. Alirudi nyumbani chini ya milima akiwa mzima wa viungo. Majirani wakaja kumpongeza, wakala, wakaenda. Yeye akawa mtu wa kukaa akiutazama mlango. Hospitali ikamwandikia kadi ya kumwona mwanasaikolojia, ambaye hutoka mjini mara mbili kwa mwezi, miezi anayokuja. Tarehe ikasogezwa. Ikasogezwa tena.

"Daktari wa vichwa gari lake limeharibika," nesi alimwambia siku moja.

"Na kichwa changu je, nacho kipelekwe gereji?" Lebenya akauliza. Foleni nzima ikacheka, naye akacheka nao.

Tlaleng hakucheka. Alikuwa amesimama pembeni yake, amemshikia koti, na hapo hapo akaamua kwamba kama daktari wa vichwa haji, basi atatoka hapa hapa, kwenye mtaa huu wenye moshi wa makaa, na atakuwa yeye.

Ndiyo maana jioni ya wiki ile ya kwanza, Lebenya alipofungua mdomo, Tlaleng alijiona yuko tayari. Walikuwa wamemaliza kula. Alikuwa na kitabu mbele yake.

"Wale wawili bado wanagonga," Lebenya alisema.

"Nani?"

"Mokete na yule kijana wa Msumbiji. Wanagonga ukuta kwa koleo. Najua wamekufa, mimi si mwendawazimu. Lakini wanagonga."

Miaka yote hiyo Lebenya hakuwahi kuyataja majina yao. Tlaleng akakifunga kitabu, akageuza kiti, magoti yakatazamana na ya mumewe.

"Unawasikia wanagonga," alisema kwa sauti ya darasani.

"Ndiyo."

"Na kugonga huko kunakuchosha."

Lebenya alimtazama. "Tlaleng, unaongea na mimi kama yule mtu wa dirishani posta."

"Unaona kama sikusikilizi."

Akacheka kidogo, kicheko cha kwenye foleni. "Haya, mwalimu. Soma." Akachukua koti lake, akavuka uwanja kwenda nyumba kubwa kwa mama yake. Tlaleng alibaki mezani, na lililomuuma baadaye kuliko yote ni kwamba dakika ile alijisifu moyoni. Hakushauri, hakufariji, hakulia. Alikuwa amefanya kama walivyofundishwa.

Asubuhi Lebenya alibeba fimbo yake ya kuvulia akaenda bwawani. Walimtoa majini kabla ya mchana.

"Ameteleza," alisema baba yake mdogo, na neno hilo likapokewa na ukoo wote, likazungushwa nyumba kwa nyumba kama sahani ya msibani. Kwetu, aliyejiua halazwi ndani ya nyumba usiku wa kuamkia mazishi. Jeneza hupitishwa moja kwa moja hadi makaburini, na nyimbo ni chache. Lebenya alilazwa ndani, akaimbiwa mpaka kukakucha. Tlaleng alikaa kwenye godoro sakafuni, kichwa kimefunikwa blanketi, akajua anachokijua, akanyamaza.

Wanawake wa upande wa mume wakamshonea nguo nyeusi. Alikuwa aivae mwaka mzima. Kwetu, mjane aliye kwenye nguo hiyo hampi mtu mkono, hapazi sauti, hajitangulizi mbele za watu. Hukaa karibu na mlango. Na jua halizami akiwa nje ya uwanja wa nyumba yake.

Aliporudi darasani, viti vilivyokuwa karibu naye vilihama polepole, kila mtu akijifanya anatafuta mwanga. Msichana mmoja tu, Keneuwe, wa miaka ishirini na miwili, mwenye kucha za rangi na mdomo usiolala, alikuja na mkoba wake akaubwaga kando yake.

"Mama, mimi nakaa na wewe. Msiba siuogopi. Ninachoogopa ni takwimu."

"Takwimu nitakufundisha."

"Na mimi nitakufundisha nini sasa?"

"Kompyuta hii. Inanitukana kwa Kiingereza."

Wakawa wawili. Asubuhi walisoma vipimo vya akili na namna ya kuandika utafiti. Mchana walirudi kwenye mazoezi ya kusikiliza, na hapo likamtokea Tlaleng jambo la ajabu: kinywa chake kilikataa kurudisha maneno ya mtu. Keneuwe alikaa mbele yake akamlalamikia mvulana wake wa Harrismith, na Tlaleng alipotaka kusema "unajisikia umeachwa," ulimi ukakauka. Akamtazama tu. Keneuwe akaendelea, akaendelea, mwisho akalia kabisa, na si kwa ajili ya mvulana.

"Tazameni," Dakta Ramabodu aliliambia darasa, akiwa amesimama nyuma yao na kalamu yake. "Tazameni ukimya wa Tlaleng. Huo ndio ukomavu."

Alimpa alama za juu kuliko wote. Tlaleng alikwenda chooni, akafungulia bomba, akaacha maji yaendelee kutoka.

Kadiri baridi ilivyoingia, mazungumzo yote yakawa ya jopo. Jopo linapenda nini, linachukia nini, mwaka jana liliuliza nini. Dakta Ramabodu mwenyewe angekuwa mwenyekiti wake, na hakuwaficha. "Mtu asiye na kidonda hatumtaki," aliwaambia, "maana hana anachokijua. Mwenye kidonda kinachovuja hatumtaki pia, atawavujia wagonjwa. Tunatafuta kovu."

"Mimi sina hata mkwaruzo," Keneuwe alinong'ona. "Nitawaambia nini? Kwamba baba alinipokonya simu darasa la kumi?"

"Nyamaza, tutafukuzwa."

"Lakini wewe, mama..." Keneuwe aliitazama ile nguo, kisha akatazama dirishani. "Wewe umekivaa. Watakiona kabla hujakaa. Vua siku ile moja tu. Dada yangu ana koti la kahawia, litakutosha."

"Nguo hii siyo yangu kuivua, Keneuwe. Walionivisha ndio watakaoivua."

"Hata kwa ajili ya kitu ulichokitaka miaka yote?"

Jibu alilokuwa nalo Tlaleng lisingefaa kusemwa darasani. Nguo ile ilikuwa kitu pekee ambacho bado angeweza kukifanya sawasawa kwa ajili ya Lebenya. Alimkosea kwa maneno. Asingemkosea kwa kitambaa.

Usaili ulipangwa kwa siku mbili mwezi wa nane, theluji ikiwa bado juu ya milima. Tlaleng aliitwa siku ya kwanza. Alifika mapema, akakuta ukumbi mdogo umejaa vijana waliotoka mbali, mashati yamepigwa pasi, wengine wakisema peke yao midomo ikicheza. Alichagua kiti cha karibu na mlango. Asubuhi kulikuwa na zoezi la kundi. Watu walikalishwa kwa mduara wakapewa swali la kujadili, na kila mmoja akajitahidi kusikika. Yeye alisema mara moja, kwa sauti ya chini. Profesa Vermaak, mzee mweupe mwenye masikio mazito, akaweka mkono sikioni, akatikisa kichwa, akapita kwa mwingine.

Mchana wakaanza kuitwa mmoja mmoja. Kila mtu alipangiwa muda, na kila mtu aliuzidi. Keneuwe alitoka akiwa na macho mekundu, anacheka.

"Nimewaambia kweli kwamba sina kidonda. Yule mzee amecheka mpaka amekohoa. Mama, wewe zamu yako lini?"

"Mwishoni."

Keneuwe akatazama dirisha. "Mwishoni gani? Jua hili? Ingia kwa karani, mwambie utangulie. Mwambie kwa sababu ya nguo. Au nikusemee mimi?"

"Usinitie aibu. Nitasema mwenyewe."

Hakusema. Angesemaje? Mjane hajitangulizi. Hawezi kusimama kwenye ukumbi wa watu akataka apitishwe mbele ya wengine kwa sababu amefiwa. Hilo lingekuwa kuutumia msiba kama tiketi. Alisubiri aonekane. Dakta Ramabodu alipita mlangoni mara ya kwanza na kikombe cha chai, akamtabasamia. Alipita tena na mafaili. Alikuwa mtu wa kwetu, alizaliwa bondeni pale pale, aliijua nguo ile ina maana gani na mchana wa baridi ni mfupi kiasi gani. Tlaleng akajiambia, sasa atageuka. Ataniita. Mlango ukafungwa.

Mwanga ukawa wa njano ukutani, kisha mwekundu. Mbele yake walikuwa wamebaki wawili. Nyumbani kulikuwa mbali kidogo. Alinyanyuka, akakunja mikono ndani ya blanketi lake, akatoka. Karani alipokuja kuita "Tlaleng Mohlakoana" kwenye ukumbi uliobaki viti vitupu, hakuna aliyeitika.

Alifika getini kwake na mstari wa jua bado uko juu ya mlima. Nkgono alikuwa jikoni kwenye nyumba kubwa, anakoroga papa, ugali wetu wa mahindi. Hivyo ndivyo mtaa mzima ulivyomwita mama mkwe wake, Nkgono, Bibi. Mwanamke mfupi, mzito, mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

"Eee, Mmatello! Wamekuulizaje?" Alipenda kumwita kwa jina alilompa siku ya harusi, jina la mama wa mtoto ambaye hakuja kuzaliwa.

"Hawakunifikia, mama."

"Hawakukufikia vipi? Walikuwa wanatembea kwa miguu?"

"Jua lilikuwa linazama. Nikarudi."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Nkgono akaisogeza sufuria pembeni ya moto, akajifuta mikono, akageuka mwili mzima.

"Umerudi. Umeacha watu wenye vitabu vyao wamekaa, ukarudi kuwahi jua."

"Ni mila, mama."

"Mila unanifundisha mimi? Nani amekwambia jua ni mali yangu? Mimi nililivaa hilo gunia wewe ukiwa unanyonya! Nilikwenda Bethlehem mjini kufuata pensheni ya marehemu, treni ya kurudi ikachelewa, nikaingia getini giza limeshika. Unajua mama mkwe wangu alinifanya nini?"

"Sijui."

"Alinisimamisha pale pale, akachota majivu jikoni akanipaka miguuni. Tukaingia ndani tukala. Basi! Majivu! Nusu kijiko cha majivu, msichana wewe!"

Tlaleng alikaa kwenye kigoda. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia habari ya majivu. Hakuwahi kuuliza. Alikuwa ameishika mila ile kwa nguvu kuliko wenyewe waliomkabidhi.

"Na mimi nilikuwa nawaambia watu kanisani," Nkgono akasema, sauti imeshuka, "kwamba angalau hili la chuo litapatikana."

Kesho yake asubuhi Nkgono alikuwa amesimama uwanjani, blanketi lake zuri la Kisotho limebanwa kwa pini kubwa begani, kofia ya kanisa kichwani.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Chuoni. Wewe unanionyesha njia."

Kwenye geti la chuo mlinzi kijana aliwasimamisha. "Bibi, kadi ya mwanafunzi."

"Mjukuu wangu, mimi shule niliiacha mama yako hajazaliwa. Fungua."

"Siwezi, bibi. Ni sheria."

"Vizuri. Basi nitakaa hapa chini kwenye baridi hii, na nikifa andika kwenye kitabu chako kwamba nimekufa kwa kukosa kadi."

Kijana alimtazama Tlaleng akiomba msaada, hakuupata, akafungua.

Dakta Ramabodu alikuwa mlangoni mwa ofisi, funguo mkononi. Nkgono hakumsalimu kwanza, naye akashtuka, kwa maana hakuna mzee wa kwetu anayeanza hivyo.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Ramabodu wa Tseki, mama."

"Kumbe una kwenu. Basi nguo hii unaijua. Jana umeipita mara ngapi?"

Dakta Ramabodu alivua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya shali, ingawa haikuwa na vumbi. "Mara mbili," akasema.

Nkgono akangoja, akamwacha aendelee kuifuta.

"Nilifikiri angeniambia," Dakta alisema. "Huku tunataka mtu aseme haja yake, mama."

"Na yeye alifikiri utaona. Haya. Mmekosea nyote wawili. Sasa mnafanyaje?"

Wakampa nafasi kabla ya chai ya asubuhi. Nkgono akakaa kwenye benchi la ukumbini, miguu haigusi sakafu, kofia imesimama.

Ndani walikuwa wanne nyuma ya meza. Walimuuliza habari za utafiti wake, akajibu vizuri. Waliuliza habari za zahanati, akajibu vizuri zaidi, hata akasahau kidogo nguo aliyovaa. Kisha Profesa Vermaak akasogeza kiti ili amsikie.

"Jana uliondoka," alisema bila ukali. "Mwenzangu amenieleza sababu, na ninaiheshimu. Lakini niambie. Mgonjwa amekuja jioni. Miezi amenyamaza, na jioni hiyo ndipo anafungua mdomo. Nje jua linazama. Unafanya nini?"

Jibu zuri lilikuwepo. Keneuwe angelitoa akiwa usingizini: ningebaki, Profesa, ningepanga mapema, ningezungumza na familia yangu. Tlaleng aliliona jibu lile limekaa mezani mbele yake, tayari kuchukuliwa. Lakini alichokuwa anakiona nyuma yake ni kiti cha jikoni, na magoti ya mtu.

"Nilibaki," alisema. "Mtu huyo alikuja. Alikuwa mume wangu. Nilibaki kwenye kiti nikamrudishia maneno yake, kama mlivyotufundisha wiki ile. Hakuhitaji maneno yake, hayo alikuwa nayo. Asubuhi akaenda bwawani. Watu wanasema aliteleza. Hakuteleza."

Hakuna aliyeandika. Mwanamke wa mwisho mezani alisukuma boksi la karatasi laini kuelekea kwake, likasimama katikati.

"Na unabeba vipi jambo hilo?" Dakta Ramabodu aliuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Nalivaa. Nakuja darasani." Akafikiri, kwa kuwa alitaka kuwa mkweli mpaka mwisho. "Sijui kama ningeweza leo kukaa mbele ya mtu anayesema alichosema Lebenya. Naogopa ningekimbia. Au ningemshika mkono nisimwachie, na hilo pia mmesema si sawa. Lakini hospitali yetu haina mtu. Nimekuja kwa sababu haina mtu."

Walimshukuru. Wote wanne walisimama kumuaga, jambo ambalo hawakulifanyia wengine, na Profesa Vermaak alimfungulia mlango kwa mkono wake. Kwa upole ule Tlaleng akajua hajachukuliwa.

Nkgono alimpisha kwenye benchi. "Umewaambia nini?"

Angeweza kusema: nimewaambia habari za zahanati. Lakini watu wanne sasa walikuwa na neno ambalo mama yake Lebenya hakuwa nalo, na hilo halikuwa sawa.

"Mama, nimewaambia Lebenya hakuteleza."

Nkgono alitazama mbele, kwenye ukuta wenye matangazo ya vyumba vya kupanga.

"Viatu vyake alivivua," alisema baadaye. "Akavipanga pamoja juu ya jiwe, na soksi ndani. Anayeteleza hapangi viatu. Mimi ndiye niliyevichukua kabla polisi hawajaja, nikavificha chini ya blanketi hili hili."

Tlaleng alimgeukia. "Siku zote ulijua."

"Wewe pia. Tulikuwa tunafichana ndani ya uwanja mmoja."

"Kuna lingine, mama. Usiku wa kuamkia siku ile alianza kunisimulia. Nikafanya kama darasani. Akanicheka, akatoka."

"Alikuja kwangu," Nkgono akasema. "Alisimama mlangoni akasema, mama, nimechoka. Nikamwambia, kaa ule. Nikampakulia papa na maziwa ya mgando. Akala akamaliza, akaosha bakuli mwenyewe. Mimi nikafurahi kwamba ameosha bakuli." Alijikunja, pini ya blanketi ikagusa kidevu. "Wewe ulimpa maneno, mimi nikampa chakula. Hakuna aliyempa alichokuja kutafuta. Hata sasa sikijui. Wewe uliyesoma, unakijua?"

"Sikijui, mama."

Wanafunzi walipita wakicheka, wakafika mbele yao wakapunguza sauti, wakapita wakaanza tena. Mwisho Nkgono akashuka kwenye benchi kwa shida, akamtegemea mkwewe begani, mbele za watu.

"Sasa watu wanaojua ni sita. Twende, sufuria nimeiacha na jirani, na jirani yule ni mlafi."

Majibu yalitoka mwezi wa kumi, miti ya pichi imeshatoa maua. Jina la Tlaleng halikuwepo. Dakta Ramabodu alimpigia simu mwenyewe, akamwambia aliloweza: kwamba jopo lilimheshimu, kwamba muda bado, kwamba aombe tena baada ya miaka miwili akishapata wa kuongea naye. Tlaleng alimuuliza, kwa adabu, huyo wa kuongea naye anapatikana wapi. "Bloemfontein," Dakta Ramabodu akasema, mji wa mbali, mwendo wa nusu siku kwa basi.

Jumamosi Keneuwe alikuja nyumbani, mara ya kwanza, amevaa sketi ndefu ya kuazima. Alikuwa amechukuliwa. Alisimama uwanjani kama mtu aliyekuja kuomba radhi, na alipoanza kulia Tlaleng alimkalisha jikoni akamwekea chai.

"Nilisema sina kidonda, wakanichukua mimi. Ni haki gani hiyo, mama?"

"Wamekuchukua kwa kuwa huna uongo. Na takwimu umefaulu."

"Takwimu ni zako."

"Zimekuwa zako sasa. Kunywa, inapoa."

Kuku waliparura nje. Keneuwe alikunywa, akajifuta pua, akaanza kusimulia habari za chuo kipya, chumba atakachopanga, wenzake watakaokuwa naye. Tlaleng alimngoja amalize.

"Ukishahitimu," alisema, "kuna ule mwaka mnaofanya kazi hospitali ya serikali."

"Ndiyo. Wanakupangia."

"Lakini mnaulizwa mnapopenda. Omba hapa."

Keneuwe aliweka kikombe chini. Alitazama mlangoni, uwanja, njia ya vumbi inayoshuka kwenye barabara kubwa, milima iliyoziba upande wote wa pili. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na dunia nzima ilikuwa imefunguka juzi tu. Tlaleng aliona uso wake ukihangaika kutafuta neno jema, na akaona ukilikosa.

"Siwezi kukuahidi, mama," Keneuwe alisema kwa sauti ndogo. "Nikisema ndiyo, nitakuwa nakudanganya."

"Najua."

"Utanikasirikia?"

"Hapana. Afadhali umesema."

Alimsindikiza mpaka getini, zaidi ya hapo hakuruhusiwa jioni ile, na akasimama mpaka sketi ya kuazima ikapotea kwenye kona. Jumatatu alirudi zahanati kuomba kazi yake ya zamani. Walimpa chumba kile kile. Foleni ilikuwa ndefu, na kijana wa kwanza kuingia alikuwa na kadi ya hospitali mkononi, tarehe zimekatwa na kuandikwa juu yake upya.

"Nimeambiwa daktari wa vichwa ni wewe," alisema.

"Hapana, mwanangu," Tlaleng akamjibu. "Si mimi. Lakini funga mlango, ukae."